Kabati la dawa la ambulansi limegoma: sukuma kabla hujavuta

"Fundi, kabati limegoma." Malalamiko huja hivyo, kwa simu, mara nyingi saa mbaya. Ukiuliza limegoma vipi, unaambiwa limegoma tu. Gari likifika gereji unakuta kishikio kimeng'oka, pespeksi (ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) imepasuka kwenye kona, na tundu la ufunguo limezungukwa na makovu ya bisibisi. Kitasa chenyewe kizima.

Niliendesha gari la wagonjwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa spana, kwa hiyo najua mkono unavyofanya mgonjwa akiwa anakoroma nyuma yako. Unavuta. Na kuvuta huko kumevunja makabati mengi kuliko kutu na vumbi vikiwekwa pamoja. Barabara ikiwa na rasta, vitu vya ndani ya kabati vinahama, vinaegemea mlango, na mlango unaubana ulimi wa kitasa kwenye fremu. Ulimi uliobanwa hauzungushwi na ufunguo wowote, hata uwe umetoka dukani leo. Ukivuta, unauongezea mbano. Ukiusukuma mlango ndani kwa kiganja, ulimi unapumua.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi magari tunayoyaona kila siku: Land Cruiser Hardtop na HiAce ambazo kabini ya nyuma imefungwa makabati ya plaiwudi, alumini au faiba, yenye milango ya bawaba, milango ya pespeksi ya kuteleza, na droo.

Kama kuna mgonjwa ndani

Achana na utatuzi kwa sasa. Dereva asimame mahali salama, maana kuvuta mlango gari likitembea kunaangusha nesi na kumwaga chupa juu ya mgonjwa. Sukuma mlango, zungusha ufunguo, jaribu mara tatu. Ikishindikana, chukua dawa kwenye mkoba wa dharura. Kama mkoba hauna dawa hiyo, piga simu kituo kilicho mbele yenu waiandae, na mwendelee na safari. Dakika mbili za kupambana na kabati zinatosha.

Siku moja tulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, safari ya usiku, magneziamu iko kwenye kabati la juu. Sista alivuta kishikio mpaka kikabaki mkononi mwake na skrubu zake mbili. "Dereva, njoo uvunje!" Niliposhuka na kuzunguka nyuma nilimulika kwa tochi ya simu kupitia mwanya wa chini wa mlango, nikaona chupa ya dripu ya nusu lita imelala kati ya rafu na mlango, imejibana kama kabari. Niliweka kiganja karibu na kitasa nikaegemea, sista akazungusha ufunguo. Ta. Mlango ukafunguka, chupa ikaniangukia kifuani. Kishikio kile kiligharimu siku nzima ya gari kukaa bila kazi.

Kuna kitu kimoja kinatakiwa kujulikana kabla ya kugusa kitasa chochote humo ndani: mtungi wa oksijeni mara nyingi uko hatua moja kutoka kwenye kabati. Mafuta na oksijeni yenye mgandamizo haviketi pamoja. Oili, grisi au dawa ya kupuliza ya kulainisha chuma ikigusa valvu au regyuleta inaweza kuwaka bila kiberiti. Funga mtungi kwanza, fungua milango yote ya gari hewa ipite, na ulainishaji wowote ufanye kwa tone kwenye kitambaa, si kwa kupuliza hovyo. Kuna watu hupasha ufunguo kwa kiberiti cha gesi ili "uyeyushe uchafu". Usifanye hivyo ndani ya ambulansi, hata kama mtungi ni mtupu.

Ufunguo unaingia lakini hauzunguki

Hili ndilo ninaloletewa kuliko yote. Sababu ya kwanza nimeshaieleza: mzigo unaegemea mlango. Sukuma mlango karibu na kitasa, si katikati, huku ukizungusha polepole. Mlango ukiwa wa kuinukia juu, uinue kidogo pia, kwa sababu bawaba zikichoka mlango unashuka na ulimi unagusa ukingo wa chini wa tundu la fremu.

Kama haujatii, angalia gari limesimamaje. Gurudumu moja likiwa juu ya tuta au ukingo wa mtaro, bodi inajipinda kidogo sana, lakini kidogo hicho kinatosha kuhamisha tundu la fremu milimita mbili kutoka kwenye ulimi. Sogeza gari mahali tambarare ujaribu tena. Dereva wengi hucheka nikiwaambia hivi, kisha wanasogeza gari na kabati linafunguka.

Ya tatu ni ufunguo wenyewe. Ufunguo uliochongeshwa kutokana na ufunguo uliochongeshwa huwa meno yake yamepungua, na mtetemo wa barabara ukichakaza kitasa, unakataa kabisa. Tafuta ule wa asili. Usipokuwa nao, ingiza wa nakala mpaka mwisho, kisha urudishe nje unywele mmoja ndipo uzungushe. Mara nyingi hukubali hapo.

Halafu kuna klorini. Tunaosha kabini kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5 baada ya damu au matapishi, na ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Kosa ni kutosuuza. Klorini iliyoachwa ikaukia kwenye chuma inakila, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu. Ukiona unga wa kijani au mweupe kuzunguka tundu la ufunguo, huyo ndiye mwizi. Kwa magari ya Tanga, Bagamoyo au Unguja, ongeza chumvi ya bahari. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, kisha weka unga wa grafiti ndani ya tundu. Usipokuwa nao, chora meno ya ufunguo kwa penseli laini mpaka yawe meusi, ingiza na utoe mara kumi, futa, rudia. Usimimine oili ya injini. Leo itafungua, ndani ya wiki mbili imeshika vumbi na kuwa udongo, na hapo sasa umetengeneza tatizo la kweli.

Ukitumia nguvu ya vidole viwili na ufunguo unaanza kupinda, acha. Usiukamate kwa plaizi. Tatizo linalofuata hapo chini lilianzia kwenye plaizi.

Ufunguo umekatikia ndani

Usisukumize kitu nyuma yake, na usijaribu kuingiza ufunguo mwingine. Utakipeleka kipande ndani zaidi. Tazama kama tundu limesimama pale ufunguo unapoingilia. Kama limezunguka nusu, lirudishe taratibu kwa ncha ya bisibisi bapa, maana kipande hakitoki tundu likiwa limepinda.

Kikiwa kimejitokeza hata milimita moja, koleo ya mdomo mwembamba inatosha. Kikiwa ndani, chukua wembe mwembamba wa msumeno, ule wa meno madogo, uingize kando ya kipande meno yakiangalia kipande na yakielekea nje, ukibane kidogo, uvute. Unaweza kurudia mara ishirini. Gundi ya kubandikia viatu usiijaribu. Nimefungua vitasa viwili ambavyo ndani vilikuwa jiwe.

Kitasa kinazunguka lakini mlango haufunguki

Ufunguo unazunguka laini, hata kupita kiasi, ila hakuna kinachotokea. Hapa karibu kila mara ni nati. Vile vitasa vidogo vya mviringo, kama vya droo za ofisini, vina ulimi wa bati unaoshikwa nyuma kwa nati moja au skrubu moja. Mtetemo unailegeza, ulimi unaning'inia, silinda inazunguka peke yake.

Geuza ufunguo hadi upande wa kufungua, kisha gonga mlango kwa ngumi iliyofungwa juu kidogo ya kitasa, mara kadhaa, huku mwenzako akivuta kidogo tu. Ulimi uliolegea huanguka kwa uzito wake, na kama unafungua kwa kushuka, umemaliza. Kama unafungua kwa kupanda, ingiza rula ya chuma kwenye mwanya wa mlango, utafute ulimi kwa kugusa, uusukume juu. Kadi ya benki inapita lakini inakatika, na kipande chake kinakuwa mgeni mwingine ndani.

Mlango usipotii, angalia bawaba. Kama vichwa vya skrubu viko nje, zifungue hizo, mlango utatoka kwa upande wa pili. Makabati mengi ya kutengenezwa mitaani yana bawaba za nje, na watu wanavunja kitasa wakati skrubu nne zipo machoni. Kabati la dawa za DDA, yaani zile zinazodhibitiwa kisheria kama morfini, lisifunguliwe hivi; nitalifikia.

Ukishafungua, usikaze nati tu ukaondoka. Itarudi kulegea kabla ya mwezi kuisha. Weka washa ya springi na tone la gundi ya kufungia nati, ile inayokubali kufunguliwa kwa spana baadaye.

Mlango wa pespeksi wa kuteleza hausogei

Uchafu kwenye reli ya chini unaongoza. Mchanga, pamba, vifuniko vya sindano, na mara nyingi kipande cha ampuli. Kwa hiyo usipitishe kidole kwenye reli hiyo. Vaa glavu nene, tumia mswaki wa zamani na kifyonza vumbi kama kipo, au kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi.

Joto linafuata. Gari lililofungwa na kuachwa juani linapita nyuzi 50 ndani, na pespeksi hutanuka kuliko fremu yake ya alumini. Mlango wa sentimita 60 ukipanda nyuzi 30 unaongezeka zaidi kidogo ya milimita moja. Kama fundi aliukata kwa kubana, hiyo milimita haina pa kwenda. Ndiyo maana kabati linalogoma saa nane mchana linafunguka lenyewe usiku, na nesi wa zamu ya usiku anamwona wa mchana mzembe. Hamisha gari kivulini, fungua milango, lowanisha kitambaa kwa maji baridi ukiegemeze kwenye pespeksi dakika kumi. Tiba ya kudumu ni kuitoa na kuipunguza ukingo milimita mbili au tatu kwa tupa.

Kosa lingine linafanywa kwa nia njema kabisa: kufuta pespeksi kwa spiriti au kitakasa mikono. Kileo kinaitoboa pespeksi nyufa nyembamba kama nywele, hasa kwenye kingo na matundu ya skrubu. Siku ukiivuta kwa nguvu inapasukia hapo, na kipande chake kinakata kama kioo. Sabuni laini na maji vinatosha.

Kabati la plaiwudi lina ugonjwa wake. Likioshwa kwa mpira wa maji, kingo zinakunywa na kuvimba. Mlango ukianza kugoma baada ya siku ya kuosha gari, usitafute mchawi. Acha likauke siku mbili milango ikiwa wazi, piga randa ukingo uliovimba, kisha upake rangi kingo zote, pamoja na ule wa chini usioonekana. Kwenye magari mengi ninayofungua ukingo huo haujawahi kuona brashi.

Droo imetoka nusu ikakwama

Kitu kimesimama ndani. Boksi la glavu, ambu begi, bomba la dripu. Irudishe droo ndani yote, itikise kushoto na kulia, kisha ivute polepole huku ukiwa umepitisha rula ya chuma juu ya vitu ili uvilaze. Ukishindwa, toa droo ya juu au ya chini yake uingize mkono. Droo za reli za gololi zina kiulimi cha plastiki kila upande: kimoja unakibonyeza chini, kingine unakiinua juu, kwa wakati mmoja, ndipo droo inachomoka. Ukivibonyeza vyote chini utahangaika mpaka jioni.

Gololi zikimwagika sakafuni, reli hiyo imekwisha. Badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Kitasa cha namba au cha umeme hakijibu

Kama ni cha betri ndogo, taa ikififia au kikitoa mlio dhaifu, betri zimeisha. Vingi vina vidoto viwili vya chuma chini ya uso wake. Gusisha hapo betri ya volti 9, weka namba, kitafunguka. Ukikuta betri zimevujisha unga mweupe, zitoe kwa glavu, futa vidoto kwa pamba yenye tone la siki au limau, kausha kabisa ndipo uweke mpya. Kama mtu ameshakosea namba mara kadhaa, kitasa kinaweza kuwa kimejifunga kwa adhabu. Kiache dakika tano bila kukigusa. Kila unapojaribu tena mapema unaweza kukianzishia saa upya.

Kama kinatumia umeme wa gari, anza na swichi kuu ya kabini ya nyuma. Nimewahi kutumwa safari ya saa tatu kwa ajili ya swichi iliyozimwa na mtu aliyefanya usafi. Kisha washa injini: betri iliyotulia ikiwa chini ya volti 12, kile kijisumaku cha kuvuta ulimi hakipati nguvu hata kama taa za ndani zinawaka, na injini ikiunguruma umeme hupanda hadi karibu 14. Baada ya hapo fyuzi. Iliyoungua ibadilishe kwa ya ampea zile zile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya umechunika mahali, pengine pale unapopita kwenye bawaba. Ukiweka fyuzi kubwa au kipande cha waya wa shaba badala yake, unawasha moto nyuma ya ukuta wenye bomba la oksijeni. Hapo mwite fundi umeme wa magari.

Ufunguo wa dharura wa vitasa hivi upo. Umefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitabu cha maelekezo, kwenye droo ya ofisi ya mtu ambaye yuko likizo.

Kabati la DDA

Morfini, pethidini, ketamini, diazepamu: kabati la dawa hizi lina kufuli mbili au limo ndani ya kabati lingine, na taratibu zake si za ufundi tu. Hapa kusukuma na unga wa penseli unaruhusiwa. Bawaba, rula na wembe haviruhusiwi mpaka afike mwenye dhamana, mfamasia au nesi msimamizi, na mtu wa pili wa kushuhudia. Andikeni namba ya lakiri ya plastiki kabla ya kuikata, hesabuni ampuli kwa sauti mkiwa wawili, jazeni rejista pale pale, na zile zilizovunjika ziandikwe kama zilizovunjika huku vipande vikionekana. Fundi aliyebaki peke yake na kabati la morfini lililofunguliwa ana matatizo makubwa kuliko kitasa. Mimi husubiri nje ya gari mpaka watu wawili wafike, hata mvua inyeshe.

Mahali pa kuweka spana chini

Kutoboa kitasa kwa drili ni kazi ya fundi wa vitasa, gari likiwa gereji, mitungi ya oksijeni imetolewa nje kabisa, dawa zimehamishwa au zimefunikwa. Cheche moja na vumbi la chuma ndani ya boksi la kanula vinatosha kukufukuzisha. Usitoboe wala kupiga skrubu ndefu ukutani bila kujua nyuma yake pana nini. Bomba la oksijeni, waya na bomba la kiyoyozi hupita humo. Kuchomelea ndani ya kabini yenye godoro na plaiwudi usikubali hata ukibembelezwa.

Kama kabati zima limeachana na ukuta, linacheza ukilisukuma, gari lisibebe mgonjwa. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka kila kilichofungwa humo kistahimili mshtuko wa mara kumi ya uzito wake. Kabati la kilo 30 kwenye ajali linaweza kukuangukia kwa nguvu ya kilo 300. Skrubu za mbao kwenye bati jembamba hazishiki kitu hicho. Zinahitajika bolti zinazopita upande wa pili na bati la kuimarisha nyuma.

Mlango unaofunguka wenyewe njiani nao usizibwe kwa plasta ya hospitali. Plasta ile inashika mwezi wa kwanza, mwezi wa pili inashika vumbi, na siku inayohitajika inatafutiwa mkasi.

Likishafunguka

Toa kila kitu. Tafuta ampuli zilizopasuka, lebo zilizolowa, na maboksi yaliyolalia mlango. Oksitosini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo kama ilikuwa kwenye kabati la kawaida lililokwama juani tangu asubuhi, irudishe famasia wakaamue wao. Vitu vizito vipange rafu ya chini, chupa za dripu zilale kwa kufuata urefu wa gari na si kuelekea mlango, na ukingoni mwa kila rafu piga kipapi cha sentimita tatu au nne ili kitu kikihama kisiufikie mlango. Kipapi hicho ni mbao chakavu na skrubu tatu, na kimenipunguzia simu za usiku kuliko kitasa chochote cha bei.

Kisha usijaribu kitasa kabati likiwa tupu. Kila kabati tupu linafunguka. Jaza kama kawaida, funga, endesha gari juu ya rasta au barabara ya vumbi kilomita moja hivi, simama gurudumu moja likiwa juu ya ukingo, na umwambie nesi afungue kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika nguzo ya dripu.